Sonde ya Volti Elfu Tatu

Mnanicheka, ninajua. Juzi hapa karakanani, nilipogusisha sonde, ule mrija wangu wa kupimia umeme, kwenye waya wa jenereta, kisha kwenye mashine, kisha tena kwenye waya wa jenereta, mmoja wenu alimnong'oneza mwenzake kwamba koko amesahau kama amekwisha kupima. Koko, bibi yenu huyu, hajasahau. Masikio yangu ni mazima kuliko magoti yangu. Ninyi mmesoma, vipimo vyenu vinaandika namba kwenye kioo, na hakuna aliyewahi kuwapa muda wa kuogopa vizuri. Basi wekeni vyuma chini kidogo, niwaambie hofu hii niliipata wapi.

Nilikuwa fundi wa foni. Foni yenu iko mfukoni. Yetu ilikuwa redio nzito ya kuzungumzia, yenye waya mrefu uliofungwa kati ya miti miwili. Katika misheni yetu ya Butembo ndiyo iliyotuunganisha na vituo vya afya vya porini barabara zilipokatika, na wakati wa vita zilikatika kila mara. Mwenye waya juu ya nyumba alishukiwa na kila upande. Waasi walioushika mji, ndio wanajeshi wetu wa wakati huo, walidhani unaongea na watu wa msituni, na watu wa msituni walidhani unaongea na waasi. Nilikuwa nikiamka asubuhi natazama kwanza ile miti miwili, kama bado imesimama, ndipo nawasha moto wa chai.

Aliyenifundisha ni Tata Paluku, mzee mfupi mwenye hasira za karibu, Mkatoliki aliyekula mshahara wa Waprotestanti na kututania kila siku ya Mungu. Somo lake la kwanza halikuwa la redio, lilikuwa la mkono wa kushoto. Kwenye umeme mkubwa unafanya kazi kwa mkono mmoja tu. Wa pili unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kuingia huku, kupita kifuani na kutokea kule. Yeye alikuwa na suruali. Mimi nilivaa kikwembe, kitenge cha kujifunga kiunoni, na kikwembe hakina mfuko. Alinitazama, akakuna kichwa.

"Kahambu, weye uko mama. Fanya sawa unabeba mutoto ku mugongo. Mukono ya kushoto inamushika matako. Mutoto akianguka, njo weye unakufa."

Tangu siku hiyo nimebeba mtoto asiyekuwepo. Hata leo nikisogelea mashine mkono wa kushoto unakwenda nyuma wenyewe, na wateja huniuliza kama kiuno kinauma. Ninawajibu kwamba kinauma, maana hilo nalo ni kweli.

Sasa wiki yenyewe. Mume wangu, Kasereka, alikuwa muuguzi kule Mabalako na aliishi huko na mama yake. Mimi nilikuwa Butembo na binti yetu Masika, kwa sababu ya kazi na shule. Kila siku saa tatu asubuhi tulizungumza kwa foni, mbele ya kila aliyekuwa na redio ya kusikilizia, wanajeshi nao wakiwemo. Kwa hiyo hatukuambiana mapenzi. Tuliambiana dawa zilizokwisha, barabara, na habari za mbuzi wa mama mkwe, ambao aliwapenda kuliko wakwe zake.

Tulikuwa na redio mbili. Ile ndogo ya kisasa wanajeshi walikuja kuichukua, wakatuachia karatasi yenye mhuri. Ikabaki ile ya zamani ya lampu za kioo, iliyoletwa na wazungu wa kwanza, kubwa kama kabati la vyombo. Sanduku lake la kusikilizia lilikuwa peke yake, na la kusemea peke yake. Siku moja, Jumanne, la kusemea likaanza kuumwa. Ukibonyeza kitufe linaanza vizuri, lakini ukitamka maneno mawili nguvu inazama na sauti haivuki hata kilima cha Rughenda. La kusikilizia lilikuwa zima kabisa. Na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu.

Kwa sababu kila asubuhi nilimsikia. "Butembo, Butembo, hapa Mabalako. Munaitika?" Na mimi nilikuwa naitika. Nilibonyeza kitufe nikaitika mpaka koo likakauka, nikijua haifiki popote, kisha namsikia tena, "Butembo, munaitika?" kwa ile sauti yake ya kutotaka kusumbua watu. Tata Paluku aliniambia niache, ninachosha lampu bure. Sikuacha.

Jumamosi alisema hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Butembo, sijue kama munanisikia ao hapana. Batu banakimbia huku. Nitangojea paka Alhamisi. Kama hakuna jibu, tunatoka na mama, tunapitia Beni."

Siku hiyo hiyo waliingia misheni wanawake wa soko waliotoka upande wa Beni, bila mizigo na bila viatu. Nikawapa maji. Walisema njiani watu wanasimamishwa, wanaume wanatengwa kando. Hawakumaliza, nami sikuwaomba wamalize. Nilijua jambo moja ambalo mume wangu hakulijua, nilikuwa na siku tano za kumwambia, na sikuwa na sauti. Niliogopa hivi kwamba nilisahau kuweka chumvi kwenye chakula siku mbili mfululizo, na Masika akala hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni kazi. Tulikuwa tumepima kila kitu mashine ikiwa baridi. Diodi, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zote nzima, lampu nzima, waya nzima. Ugonjwa ulikuja tu mashine ikipata joto na mtu akisema. Ilibidi tuuone umeme wenyewe wakati wa kusema, na sindano ya kipimo cha kawaida ni nzito. Kabla haijainuka mambo yamekwisha. Tulikuwa na osiloskopu, ile yenye kioo cha kijani kinachochora umeme kama mstari, aliyotuachia mzungu mmoja alipokimbia. Lakini osiloskopu hiyo haikubali zaidi ya volti mia nne, na lile sanduku lilikuwa na volti karibu elfu tatu. Ukizimwaga humo zote, utapata moshi na kilio.

Dawa yake ni sonde. Unapanga rezistansi, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, nyingi mstari mmoja, kama ngazi za kushukia mtoni, na volti inashuka kidogo kwa kila ngazi. Chini kabisa unaweka rezistansi moja ndogo sana, na hiyo peke yake ndiyo unayoionyesha osiloskopu. Sisi tuliweka ishirini za megaohmu moja moja, na chini yake ile ndogo ya kiloohmu ishirini. Hivyo kwenye volti elfu tatu, kioo kinaona tatu tu.

Mimi nilitaka kuweka moja kubwa, tumalize. Hesabu ilikubali, haitapata joto. Tata Paluku akanyanyua rezistansi moja kwa vidole viwili.

"Hii urefu yake ni ngapi? Punje ya muhindi. Unafikiri volti elfu tatu itapita ndani polepole, na iko naweza kuruka kwa juu? Moto hapana haya. Panga ishirini, kila moja ibebe kidogo."

Moto kwake ni umeme. Rezistansi tuliziokota kwenye televisheni zilizokufa. Kwa mpini nilileta mwanzi mkavu, akautupa nje. Alisema mwanzi wa Butembo unakunywa umande hata ukiwa juu ya moshi. Tukapata mrija mpana wa plastiki hospitalini, unaoonyesha kilichomo. Uchafu wa kulehemu lazima usafishwe, kwa sababu umeme mkubwa unatembea juu ya uchafu, na mafuta ya vidole nayo ni uchafu. Hatukuwa na spiriti. Nikaenda kununua kanyanga. Mnadhani nilikutana na nani mlangoni pa mama mwuza pombe, chupa mkononi? Na mchungaji wetu. Nikamwambia ni ya rezistansi. Akasema, "Mama Masika, tutaomba pamoja." Aliomba kweli, Jumapili, bila kutaja jina, na kanisa zima liligeuka kunitazama.

Kulehemu nako kulikuwa taabu. Mafuta ya jenereta yalikuwa machache, kwa hiyo chuma cha kulehemu tulikipasha kwenye makaa, na chuma cha makaa kinapoa haraka. Lazima uwe na subira, ukirudishe motoni kila baada ya viungo viwili. Mimi sikuwa na subira. Nilikuwa na Alhamisi. Niliunganisha vinne, vitano, kabla ya kurudisha chuma, na viungo vikatoka vya kijivu, vya mavumbi. Niliviona. Nataka mjue kwamba niliviona.

Mwisho tulijaza mrija kwa nta ili unyevu usiingie. Nta ilikuwa vipande vya mishumaa alivyokusanya Tata Paluku parokiani kwake. Alivimimina huku akisema sasa redio ya Waprotestanti imebatizwa sawasawa.

Jumatatu akaingia ofisa mmoja na askari wake wawili, kukagua. Sonde ilikuwa mezani, mrija mrefu wenye ncha ya chuma na waya mkiani.

"Oyo eloko nini?" aliuliza kitu hicho ni nini, na mkono wake ulikuwa kwenye bunduki.

Kwa Kilingala chake cha kukatakata Tata Paluku akamwambia ni kipimo cha homa, redio inaumwa. Yule ofisa akaichukua, akaitazama, akaiweka chini ya kwapa lake mwenyewe, akasimama hivyo, bunduki mkono mwingine, akitungojea. Hakuna aliyecheka. Tata Paluku akaitoa kwa heshima zote, akaisoma mwangani, akasema, "Hapana homa, chef." Wakaondoka. Ndipo mzee akakaa chini, nikaona jasho limelowesha mgongo wa shati lake.

Jumanne mchana tukaipima sonde kwenye umeme wa jenereta, mstari ukacheza. Tukafunga waya wa ardhi kwenye chuma cha sanduku. Huo ndio wa kwanza kufungwa na wa mwisho kufunguliwa, siku zote, hata mkiitwa mkale. Ukichomoka, sonde haigawi tena, na umeme wote unakuja kumtafuta aliye mwisho wa waya. Tukawasha sanduku, nikagusa, na mstari ukapanda kwenye volti elfu mbili na mia saba. Niliruka kama mtoto. Kisha tukazima sanduku ili nisogeze waya upande wa diodi. Jenereta iliendelea, na osiloskopu ikabaki inawaka.

Ndani ya lile sanduku mlikuwa na vikopo viwili vya kutunza umeme, kondansateri, vikubwa kama chupa za mafuta. Ukizima, vinabaki vimeshiba. Kulikuwa na rezistansi ya kuvimwaga, lakini iliungua zamani. Nilijua. Nikaokota sonde, nilikuwa nimeilaza kwenye ukingo wa sanduku nayo ikapinda kidogo, nikagusa kondansateri. Mstari ulilala chini kabisa. Sifuri.

Nilifurahi. Alhamisi ilikuwa imebaki kesho kutwa, na sifuri ilinipa ruhusa ya kwenda haraka. Nikaweka sonde chini, mkono wa kushoto nikauegemeza kwenye chuma cha sanduku ili niiname vizuri, wa kulia nikaupeleka kwenye waya. Mtoto wa mgongoni nilikuwa nimemwangusha bila hata kusikia.

Tata Paluku alinipiga. Alinipiga kifundo cha mkono kwa mpini wa ufagio, kwa nguvu zake zote, nikapiga kelele. Alama ninayo hapa, angalieni. Hakuniomba radhi. Alichukua fimbo yake kavu yenye waya wa ardhi nchani, akaigusisha pale ambapo vidole vyangu vilikuwa vinakwenda.

Mlio ule ulifanya watu watoke kanisani wakidhani bomu limeanguka.

Harufu ya kuungua ilikuwa puani. Kisha akasema, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia:

"Uliuliza nani?"

"Niliuliza sonde, Tata. Ilisema zero."

"Na sonde, uliiuliza kama iko muzima? Zero hapana jibu, Kahambu. Zero ni mutu ananyamaza. Pengine hana neno. Pengine amekufa. Pengine anasema na weye hausikie. Uliza kwanza kwenye unajua kuko moto, kisha uliza pale, kisha rudia tena kule."

Nililia. Si kwa maumivu ya mkono. Nilimfikiria Masika akiambiwa. Mzee aliniacha nilie, akapasua nta kwa kisu. Kiungo cha saba, kimoja cha vile vya kijivu, kilikuwa kimeachana pale sonde ilipopinda. Ufa wenyewe haukuzidi unywele.

Jumatano nilianza upya. Viungo vyote ishirini na kimoja, kila kimoja chuma chake cha moto, kila kimoja nikikivuta kwa koleo kabla ya kwenda kingine. Nta tukaiacha ipoe polepole kwenye maji vuguvugu. Mchana tukauliza jenereta, tukauliza sanduku, tukauliza jenereta tena, na mzee akasema kwenye mikrofoni, "moja, mbili, tatu." Hapo ugonjwa ukajionyesha. Juu ya mstari panatakiwa vilima viwili kwa kila mzunguko wa jenereta, kimoja kwa kila upande wa diodi. Mwanzoni viwili vilikuwepo. Alipofika "tatu" kimoja kilikufa na mstari wote ukazama kama godoro bovu. Upande mmoja wa diodi ulikuwa unakata ukipata joto. Tukaung'oa, tukapanga mahali pake diodi sita ndogo kutoka kwenye kopo la mzee, na vilima vikasimama vyote viwili.

Mafuta ya jenereta yakabaki lita mbili.

Alhamisi saa mbili na nusu nilikuwa nimekwisha kukaa. Saa tatu sikusikia kitu. Nikabonyeza: "Mabalako, Mabalako, hapa Butembo." Kimya, ule mvumo tu wa hewa. Nikaita mara tatu. Tata Paluku akasema niulize kwingine. Nikaita kituo cha Kirumba, na yule dada wa Kirumba akajibu papo hapo, "Butembo, unaingia muzuri sana! Tulizani mulikufa!"

Nilijua maana yake, nanyi mnaijua sasa. Sanduku la kusemea, sonde yangu ya siku hiyo, lilikuwa zima. Mimi nilikuwa mzima. Kimya kilikuwa cha Mabalako kweli.

Niliona wako njiani tayari, yeye na mama yake na mbuzi, wanakwenda kwa wale watu. Nilitaka kuzima. Tata Paluku alikuwa mlangoni, na sijui kama alichosema Jumanne alikikumbuka. Mimi nilikikumbuka: pengine anasema na wewe husikii. Siku tisa nzima mimi nilikuwa kimya cha namna hiyo kwa Kasereka, nikisikia kila neno.

Basi nikasema na kimya. Sikuweza kutaja barabara wala wanajeshi hewani, ningetuua sote. Nikasema kama mke: "Baba Masika, muguu ya mama ingali mugonjwa. Hapana kumutembeza. Mukae ku shamba. Muguu ya mama ni mugonjwa." Mama mkwe wangu alikuwa na miguu ya kuwashinda vijana wote wa Mabalako, hakuwahi kuumwa hata ukucha. Nilijua kama anasikia, ataelewa. Nilirudia kila robo saa, sentensi zile zile, mpaka jenereta ikakohoa na kuzima saa nane mchana. Kesho yake nikaazima mafuta, nikarudia. Na siku iliyofuata. Hakuna aliyejibu.

Waliotoka Mangina, jirani na Mabalako, Alhamisi ile kwa barabara ya Beni, wengi hawakufika. Majina ninayajua na leo siyataji.

Wiki ya tatu, Jumapili baada ya ibada, nilikuwa napepeta maharage uani. Niliona kwanza mbuzi, mmoja, mwembamba. Nyuma yake mama mkwe, na nyuma ya mama mkwe Kasereka, amebeba viatu mkononi. Walipita vijia vya mashambani. Sikuweza kusimama. Mama mkwe ndiye aliyefika, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Nani alisema ku redio muguu yangu ni mugonjwa?"

Nikashika miguu yake yote miwili, pale chini, nikacheka na kulia pamoja.

Baadaye, wakila, alieleza yeye, maana mwanawe alikuwa amechoka. Betri ya Mabalako ilikuwa imekwisha nguvu. Ilitosha kusikia, lakini ukibonyeza kusema, taa inazimika.

"Bwana yako alipata wazimu," alisema. "Kila mara ukisema, ye anabonyeza kile kitu kilikufa, anaitika, 'Ndiyo, Mama Masika, nimesikia.' Kila mara! Namuambia, unaitikia nani? Hapana moto humu. Atakusikia aje?"

Kasereka, ambaye sikuwa nimemwambia lolote, hakuinua macho kwenye sahani. "Na yeye," alisema, "zile siku tisa, alikuwa ananiitikia vile."